Mbuzi wa Kuonana

Jumatatu, 13 Januari 1975

Migonzo, kamba zangu za ndoana, leo imetoa mumi wawili na kamongo mmoja. Ndoana zingine chambo kimeliwa, samaki hakuna. Nimeanika kamba, nikaenda mwaloni, mitumbwi inapofikia, kupima samaki za watu. Kazi ya laana.

Samaki ngege aliye chini ya shubiri anarudi majini. Mtumbwi mmoja, tenga moja. Wavu ambao jicho lake halipitishi vidole vinne unachomwa moto. Ndiyo sheria ya kijiji na mimi ndiye mpimaji. Leo nimerudisha ngege wengi. Wengi wao walishakufa humo humo wavuni, wakaelea tumbo juu mbele ya watu wenye njaa. Mama mmoja akaingia maji mpaka magotini kuwaokota. Nikamfokea. Akaniuliza hizo maiti ninamwekea nani. Nimeshinda na hasira mpaka jioni, sijui hata hasira ya nani.

Jumatano, 15 Januari

Kipimo wameanza kukiita kwa jina langu, "shubiri ya Manyama". Watoto wanaimba.

Kosa si langu. Kamati ilipopitisha kipimo, watu walibishana: shubiri ya nani? Ya mwanamke au ya mwanamume? Ya mtu mfupi? Mwenyekiti akazunguka anaangalia mikono ya watu, akaukamata wangu, akauinua juu. Huu hapa. Watu wakacheka sana, hata mimi nikacheka. Mkono wangu ni mpana kama kasia, nilizaliwaga nao. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Angeshika mkono wa mwalimu, nusu ya ngege niliowarudisha wiki hii wangekuwa chunguni.

Nilimwambia Mwenyekiti tubadilishe. Akasema sheria haibadilishwi kila mtu akilia.

Jumapili, 19 Januari

Mkutano baada ya misa. Jua kali, watu wamekaa chini tu. Wazee wa nyavu wanasema ziwa hili halijaisha tangu babu zao na halitaisha kesho. Sisi wa ndoana tunasema ngege wamepungua, mtu yeyote mwenye macho anaona. Nilipokuwa kijana ngege mmoja alijaza sinia, mkia unabaki nje. Nilisimama nikasema hivyo. Nikaongeza kwamba anayevua vitoto leo anakula chakula cha mwanawe. Nilisema vizuri. Nilijisikia vizuri pia.

Bwire akasimama. Ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, na mdomo anao. Akasema, "Nyie watu wa ndoana mnachota furu wadogo kila siku mfanye chambo. Hao hawana mama?" Wakamshangilia. Nilikasirika, lakini hata hasira yenyewe ilikuwa na kicheko ndani. Bwire ninampenda, mshenzi yule.

Wavu wake ni wa vidole viwili. Kijiji kizima kinajua. Yeye anasema kiboko aliuchana akautupa. Mwongo.

Tulipokuwa tunatawanyika mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti: achome kwanza wa ukweni kwake. Wote wakanitazama mimi.

Jumanne, 21 Januari

Niandike jambo hili lilivyo, kwa sababu kulisema siwezi.

Mama yake mke wangu, Mkwe, sijawahi kumtazama usoni. Kwetu ndivyo ilivyo. Mtu haingii nyumba ya mama mkwe wake. Mkikutana njiani, huyu anashuka upande huu, yule upande ule, kila mtu anatazama majani mpaka mwenzake apite. Hivyo mpaka upeleke mbuzi wa kuonana, aliwe, ndipo mnaweza kusalimiana na kukaa kivuli kimoja. Mimi mbuzi huyo sijapeleka. Kila mwaka nilisema mwaka kesho. Zamani haikusumbua. Miji yetu ilikuwa mbali, yeye nyuma ya kilima, mimi huku. Niliona mgongo wake mara chache tu, nikageuka.

Kisha serikali ikatuhamishia kijiji hiki kipya. Wakaja na kamba na vijiti, wakapanga nyumba safu kwa safu kama mistari ya pamba. Hakuna aliyeuliza nani ameoa kwa nani. Nyumba ya Mkwe ikaangukia mwisho wa safu, mlango unatazama mwalo. Mimi kufika mwaloni lazima nizunguke nyuma ya mihogo yote, mbali, kama mwizi.

Watu wa nyavu wamelijua hilo. Wakiona ninatokea kushoto, wanatia nanga kulia, mbele ya mlango wake. Matenga yanaingia kwenye kibanda chake cha kubanikia samaki. Ninasimama kule ninaona moshi unapanda. Kusogea siwezi. Mpimaji wa kijiji kizima, na amezuiwa na khanga ya bibi mmoja.

Jumatano, 22 Januari

Wavu wa Bwire uko ndani ya nyumba ya mama yake. Nina hakika. Na najua unafanya kazi gani.

Kuna mtoto pale, Nyasatu, binti wa Bwire. Mama yake alifariki akimzaa, Mkwe ndiye anamlea. Miguu imevimba. Nywele zimegeuka rangi ya vumbi. Mtama wa mashamba mapya ulikauka, mihogo bado midogo, unga wa njano wa mgao unafika siku unayotaka wenyewe. Mkwe anampa mchuzi wa ngege wadogo. Bwire anawatoa alfajiri kwenye matete, wachache, wa chungu tu. Hauzi.

Mimi ningeweza kuwapa samaki wangu. Nilijaribu. Nilimpa mke wangu mumi mzuri apeleke kwa mama yake. Akarudi naye hivyo hivyo kwenye majani yake. Mkwe ni Msabato, samaki asiye na magamba hamgusi, na mtoto hampi. Na mimi ndoana zangu zinatoa mumi na kamongo. Ngozi tupu. Kwa nyumba ile mimi si mvuvi.

Jumamosi, 25 Januari

Mwenyekiti amekuja hapa nyumbani. Hakukaa. Akasema wale niliowachomea nyavu wanakwenda kunishtaki tarafani, kwamba ninachoma za maskini na kulinda za ukweni. Akasema ama wavu wa Bwire uchomwe ama nitapelekwa mimi, niitwe mhujumu wa kijiji. Nikamwambia apeleke mgambo. Akasema mgambo wakiingia kwa bibi wakatoka mikono mitupu itakuwa aibu ya kamati. Lazima mtu auone kwanza kwa macho. "Wewe ndiye mpimaji, bwana Manyama."

Jioni nimepita kwa Magoti. Wavu wake niliuchoma Novemba mbele ya watoto wake. Alikuwa mlangoni. Akatema mate, siyo kwangu, pembeni tu. Ana haki. Niliuchoma wake bila kupepesa macho, na wake pia ulikuwa unalisha watu.

Sijala.

Jumatatu, 27 Januari

Nimewaza siku nzima na migonzo mkononi. Nimepata njia. Ni njia mbaya. Ninaiandika ili nisijidanganye baadaye kwamba ilitokea tu.

Nitapeleka mbuzi.

Jumanne, 28 Januari

Nimemwambia mke wangu kwamba nataka kumaliza haya na mama yake. Mbuzi tunaye yule jike mweusi. Kwanza hakuamini. Halafu akakaa chini, akafunika uso na khanga, akalia kwa furaha. Mama yake amekuwa akisema kwa watu kwamba mume wa binti yake anamdharau. Miaka yote hiyo! Hakuwahi kuniambia. "Baba Masatu, leo umenipa heshima," amesema. Amefua shati langu. Anaimba jikoni, na jikoni hakuna kitu.

Sikumwambia. Nimelala naye chumba kimoja na sikumwambia.

Jumapili, 2 Februari

Jana haikufaa, ni sabato yao. Leo tumekwenda. Baba yangu mdogo mbele na mbuzi, mimi nyuma, macho chini mpaka mlangoni kama inavyotakiwa. Wakamchinja. Ini likachomwa, nikapewa kipande, Mkwe akapewa kipande. Baba mdogo akasema inueni macho.

Nikamwona. Ni mtu mdogo. Nilidhani ni mama mkubwa mwenye kifua, sijui kwa nini. Uso wake ni uso wa mke wangu, umezeeka tu. Alikuwa amevaa kitenge cha sanduku, bado kina mikunjo. Akanishika mikono yote miwili, akaitazama, akacheka: kumbe ndio huu mkono unaosumbua watu. Watu wote wakacheka. Akasema, "Sasa nina mtoto wa kiume mwingine. Huyu Bwire amenichosha."

Bwire alikuwepo, alicheka kuliko wote. Kesho anakwenda Musoma kufuatia mgao wa unga. Akanikumbatia. Nyasatu alikuwa amelala kwenye ngozi pembeni, akapewa mchuzi wa mbuzi. Alimeza kidogo, akatapika.

Nilikaribishwa ndani. Kiti kikafutwa kwa upindo wa kitenge. Niliinua macho darini mara moja. Wavu upo. Nyuma ya kapu la mbegu, umefunikwa gunia, kamba ya nailoni imening'inia.

Nilikula nyama. Ilikuwa tamu, na mimi nilikuwa na njaa.

Jumatatu, 3 Februari

Nimefanya.

Asubuhi nilipita njia ya katikati, mbele ya nyumba, sasa ninaruhusiwa. Mkwe alikuwa anafagia. Akaacha ufagio, akafurahi, akasema, "Karibu baba, uji bado lakini karibu ukae," akaingia ndani kunitolea kiti. Nikamfuata. Sikukaa. Nilipanda juu ya kinu, nikasogeza kapu, nikavuta. Gunia likaanguka na vumbi lake. Yeye alibaki amesimama na kiti mikononi. Nilitaka apige kelele.

Nilimpita karibu sana kutoka mlangoni. Alikuwa anatazama ule wavu tu.

Niliuchomea mwaloni, mahali pale ninapochomea zote. Nailoni haiwaki kama uzi. Inajikunja, inadondoka matone meusi, moshi wake unakaa kwenye koo. Magoti alikuja kuangalia. Nilidhani atafurahi. Aliangalia kidogo, akaondoka.

Mwenyekiti amenishika bega. Kazi ya mfano, amesema.

Jumanne, 4 Februari

Mke wangu ameweka ugali mbele yangu, akatoka nje.

Alhamisi, 6 Februari

Bwire amerudi kutoka Musoma na unga kidogo. Amekuja moja kwa moja hapa. Nilijiandaa kwa ngumi. Nilizitaka. Akasimama uani, hakuingia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani. Akasema, "Shemeji, ungeniita mimi. Ungesema, lete wavu, ningeuleta mwenyewe nikakutukana yakaisha. Mama ungemwachia mbuzi wake."

Akaenda zake. Nasikia amepata kazi ya kupiga kasia kambi ya wavuvi kisiwani Rukuba, kwenye mtumbwi wa mtu. Atarudi mwezi ukiisha. Amemwacha mtoto na bibi.

Maneno yake hayaniachi. Ni kweli angeuleta. Sikuwahi kulifikiria, na ni shemeji yangu.

Jumatano, 12 Februari

Leo ni Jumatano ya Majivu. Padri amesema tufunge. Watu wametazamana. Tufunge nini tena?

Nyasatu hasimami. Mke wangu amehamia kule kumsaidia mama yake, hapa anakuja kupika na kuondoka. Nimeazima wavu wa kijiji, wa vidole vinne, nimeshinda nao kwenye matete asubuhi yote. Ngege hakuna hata mmoja. Vitoto vinapita kwenye macho ya wavu, ninaviona kabisa, vinapita vinakwenda. Nimewaomba watu wa mitumbwi samaki mwingine yeyote mwenye magamba, nitalipa kwa mumi. Wamenijibu kwa adabu sana kwamba wenye kipimo hawajapata, na wasio na kipimo wamewarudisha majini kama nilivyowafundisha.

Jumamosi, 15 Februari

Nimefanya jambo la aibu. Niliingia kwenye matete na kikapu, peke yangu, nikachota ngege wa kidole. Wachache, wa chungu. Mimi Manyama. Nikawafunga kwenye majani, nikampa mke wangu apeleke, nikamwambia aseme wametoka kwa mtu.

Mkwe amewarudisha. Amemwambia binti yake kwamba samaki hao ni haramu kijijini, na mpimaji akiwakuta kwake atamchomea nyumba.

Alijua wametoka kwa nani. Lazima alijua.

Jumanne, 18 Februari

Lori la ushirika limemchukua Nyasatu na bibi yake kwenda hospitali Musoma. Mke wangu ameenda nao. Nilisaidia kuinua. Nilipomshika mtoto, Mkwe alisogea pembeni akanipa nafasi, akatazama upande mwingine. Mtoto hana uzito kabisa, miguu tu ndiyo mizito kwa maji.

Ijumaa, 21 Februari

Nyasatu amefariki jana asubuhi. Wamemleta leo kwa lori lile lile, juu ya magunia.

Hospitali walisema alifika akiwa amechelewa. Mke wangu ndiye aliyeniambia, amesimama mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe amekula kitu. Swali la kijinga. Akasema hapana, akaenda kwa mama yake.

Jumapili, 23 Februari

Tumezika. Bwire alifika kutoka Rukuba tumeshachimba. Nilichimba mimi na Magoti, udongo mkavu, jembe linaruka. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenisemesha. Bwire alipomaliza kufukia alikaa chini pale pale kwenye udongo na mikono magotini. Nikakaa karibu naye. Aliniacha nikae. Hilo lilikuwa baya kuliko kama angeniondoa.

Ninajua watoto wengine wamekufa mwaka huu kwenye nyumba zenye nyavu. Ninajua alikuwa anaumwa tangu mwanzo, hata mchuzi wa mbuzi alitapika. Nimejiambia hivyo njia nzima. Haisaidii hata kidogo.

Jumatano, 26 Februari

Kamati imekaa. Kipimo kimesimamishwa mpaka mavuno. Shubiri hakuna, tenga hakuna, jicho la wavu lolote ruksa. Mwenyekiti alisema tuliharakisha, hali ya chakula hairuhusu. Akasema hivyo hivyo, kama mtu anayeahirisha palizi. Nilikuwa nimekaa pale. Akanishukuru mbele ya watu kwa uaminifu wangu.

Nikasimama nikamwambia hivi: siku ile uliyosimama uani kwangu, chakula kilikuwepo? Akasema, "Bwana Manyama, pole na msiba," akafunga kikao.

Jioni hiyo hiyo nyavu zimeshuka kutoka kila dari. Sikujua ziko nyingi hivyo. Nimeona wa kaka yake Mwenyekiti, vidole viwili, mpya, umekunjwa vizuri, haujawahi kunyeshewa. Nilikaa kwenye mchanga nikacheka mpaka mtu mmoja akaniuliza kama niko salama.

Niliamini kile kipimo. Ninaamini mpaka leo. Ngege wanaisha, na kwa nyavu zile watakwisha, na sitakuwa na mdomo wa kumwambia mtu yeyote tena.

Jumapili, 2 Machi

Mwalo umejaa vitoto vya ngege, vimeanikwa kila mahali mpaka juu ya mapaa. Kijiji kizima kinanuka samaki. Watu wanakula. Watoto wanakula. Sina la kusema.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua imenyesha tangu jana. Ndefu, ya kweli. Mihogo imeinua majani.

Mke wangu amerudi nyumbani juzi. Amerudi na chungu chake na nguo. Hatuna ugomvi. Tunaongea habari za kuni, za paa linalovuja, za mwanetu Masatu kurudi shule. Nyumba imetulia.

Leo nilikuwa naenda ziwani na migonzo begani. Nilipita njia ya katikati, sina nguvu tena ya kuzunguka mihogo. Mkwe alikuwa anakuja upande wa huku, ana ndoo kichwani. Mbuzi aliliwa. Ninaweza kumsalimu, naye anaweza kuniitikia, mbele ya mtu yeyote. Nilikuwa nimeandaa salamu tangu mbali. Shikamoo, mama. Hiyo tu.

Aliponiona alisimama. Akashusha ndoo. Akavuta khanga akafunika uso wote, akashuka kwenye majani yenye maji, akanigeuzia mgongo, akasubiri.

Mvua ilikuwa inamnyeshea. Nikashuka upande wangu, nikatazama majani. Tukakaa hivyo, yeye kule na mimi huku, kila mtu anamngoja mwenzake apite, mpaka nikaona kwamba nikiendelea kusimama atalowa bure. Nikapita upesi, macho chini. Nikasikia anainua ndoo yake.

Migonzo nimetega. Maji yamechafuka kwa mvua, sidhani kama kesho kutakuwa na kitu.